Ilhamu Iko Mnadani: Historia Fupi ya Ubunifu Chini ya Mlima Hanang

Ukitaja Katesh siku hizi, wengi wanakumbuka tope. Tarehe 3 Desemba 2023 ubavu wa Mlima Hanang ulikatika, ukateremka na maji, mawe na magogo mpaka mjini, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Kabla ya hapo, kwa abiria wengi wa mabasi ya Babati na Singida, Katesh ilikuwa mji wa kupita tu: unaona mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, unaona ng'ombe, basi linaondoka.

Leo nataka tuizungumzie Katesh kwa jambo jingine kabisa, ndugu msomaji. Nataka tuizungumzie kama shule ya ubunifu. Najua kuna watakaocheka. Shule ya ubunifu Katesh? Ndiyo, Katesh! Vuta kiti.

Nina marafiki wanaofanya kazi kwenye kampuni za matangazo Dar es Salaam. Wanachora nembo, wanabuni mabango, wanatunga yale maneno mafupi ambayo mnayasikia redioni mpaka yanawaganda kichwani. Ukiwauliza ilhamu wanaitoa wapi, majibu yanafanana: majarida ya Ulaya, tovuti za Marekani, matangazo ya Afrika Kusini. Mteja akiomba kitu "cha Kiafrika", basi wanaweka Mmasai amesimama kwa mguu mmoja, jua linazama, na mti wa mgunga nyuma yake. Kazi imeisha, hundi imetoka.

Siwalaumu kwa kutazama nje. Hakuna msanii duniani aliyewahi kuumba kitu kutoka hewani. Picasso alitembelea jumba la makumbusho la Trocadéro kule Paris, akaviona vinyago vya Afrika, na uchoraji wa Ulaya haukubaki kama ulivyokuwa. Mchoro wake maarufu wa wanawake watano wa mwaka 1907 una nyuso zinazofanana na vinyago vile. Swali langu ni jingine: kama Picasso alivuka hadi kwetu kutafuta wazo, sisi tunavuka kwenda wapi, na tunaruka nini njiani?

Tuanze na mambo ya zamani kabisa. Ukitoka Katesh ukaenda Babati, kisha ukashika barabara ya Kondoa kuelekea kusini, unafika Kolo. Kwenye miamba ya eneo lile kuna michoro ya watu na wanyama: swala, twiga, tembo, watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu. Mingi imechorwa kwa rangi nyekundu iliyotokana na udongo wenye madini ya chuma, na mingine ya baadaye kwa rangi nyeupe. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walikaa huko wakiinakili michoro hiyo, na mwaka 1983 Mary akatoa kitabu kizima juu yake. Mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza Kondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Jambo moja huwa linasahaulika. Michoro hii haikuwekwa pale kwa ajili ya watalii. Baadhi ya maeneo yale, kama Mungomi wa Kolo, wenyeji wanaendelea kuyatumia kwa matambiko. Yaani kwetu sanaa ya zamani haijafa ikawekwa kwenye kioo. Ina wenyewe, na wenyewe wana masharti yao. Shikilia hapo, tutarudi.

Sasa turudi Hanang. Eneo hili la Mbulu na Hanang lina jambo ambalo wataalamu wa lugha hulitaja kila mara: ni mahali pachache sana Afrika ambapo jamii kubwa nne za lugha zinakutana. Wairaqw ni Wakushi. Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga, ni Waniloti. Wanyaturu na Warangi ni Wabantu. Na hawako mbali Wahadzabe na Wasandawe wenye lugha za kudoadoa ulimi. Fikiria watu hawa wote wanakutana mnadani, kila mmoja na vazi lake, shanga zake na namna yake ya kuchonga fimbo. Ukiwa mbunifu na hukupata wazo hapo, basi tatizo si mahali.

Chukua vazi la mwanamke wa Kibarbaig aliyeolewa. Linaitwa hanang'weenda. Ni sketi ya ngozi iliyokatwa kwa vipande vyembamba vingi vinavyoning'inia, ikalainishwa kwa mafuta. Akitembea, vipande vile vinacheza na hatua zake. Ukilitazama kwa jicho la mbunifu, utaona akili kubwa: ngozi moja, kisu kimoja, hakuna kitambaa cha kununua, na vazi linasema kabla mwenyewe hajafungua kinywa kwamba huyu ni mke wa mtu na anastahili heshima. Kwa Wabarbaig vazi hilo si pambo tu. Lina uhusiano na imani yao na na hadhi ya mwanamke mwenyewe, na lina miiko yake.

Wenzao Wairaqw nao walikuwa na sketi za ngozi zilizojaa shanga, kazi ya mikono ya wasichana waliokuwa wakiwekwa ndani kwa mafunzo ya kuingia utu uzima. Desturi hiyo ilikoma zamani, wakati wa ukoloni. Sketi zilizobaki leo unaweza kuzikuta kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani kwa urahisi kuliko kuzikuta Mbulu. Mjukuu wa aliyeishona anahitaji viza ili akaione kazi ya bibi yake!

Na shanga zenyewe zilitoka wapi? Hapa ndipo historia inapotuchekesha. Shanga nyingi za kioo zilizopamba ngozi za bara letu zilitengenezwa Venice na Bohemia, zikaja kwa meli hadi pwani, zikapanda na misafara mpaka bara. Wanawake wa huku walizipokea, wakachagua rangi wanazozitaka, wakakataa wasizozitaka, na wafanyabiashara wa misafara walijua vizuri kwamba ukibeba rangi isiyopendwa utarudi nayo. Yaani bibi zetu walikuwa wateja wagumu kuliko wateja wa leo wa kampuni za matangazo. Kile tunachokiita "asili" kilikuwa na mkono wa mgeni ndani yake, lakini mpangilio, maana na uamuzi vilikuwa vya mwenyeji.

Hali ni hiyo hiyo kwa wahunzi wa Kidatoga. Watu wanaozuru maeneo ya Ziwa Eyasi huwaona wakiyeyusha kufuli zilizoharibika na mabomba ya shaba nyeupe, kisha wakatengeneza bangili, na misumari ikawa vichwa vya mishale. Takataka ya mjini inakuwa pambo la porini. Na mnadani utakutana na viatu vya matairi, katambuga, ambavyo vimewatembeza wafugaji maelfu ya kilomita. Huko Ulaya mtu akitengeneza kiatu kwa tairi kuukuu anapewa tuzo na kuandikwa magazetini kwamba anaokoa mazingira. Hapa kwetu anaambiwa ni mshamba.

Tuangalie na pwani kidogo, maana hadithi ni moja. Kanga ilizaliwa kwenye pwani ya Waswahili mwishoni mwa karne ya 19. Mombasa kulikuwa na mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, na kanga zake zikawa na alama ya "Mali ya Abdulla". Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo linazunguka, mji uko katikati, jina ndiyo yale maandishi. Nauliza: je, hilo si bango? Lina fremu, lina picha, lina ujumbe mfupi wa kukata na shoka. Tena ni bango linalotembea, linalobeba mtoto na linalotoa salamu kwa jirani mbaya bila kufungua mdomo. Wataalamu wa matangazo walikuwa bado wanajifunza kuandika maneno machache yenye nguvu wakati akina mama wa Mombasa, Zanzibar na Lamu wanayavaa.

Halafu kuna Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini kabisa. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, akafanya vibarua vya hapa na pale. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii wa vyuoni. Alitumia mbao laini za dari na rangi za mafuta za kawaida, zile za madukani. Umbo la mraba la ubao ule na mng'ao wa rangi zile ndivyo vilivyozaa mtindo wake. Picha zikauzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwa wazungu waliokuwa wakifanya ununuzi. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni jambazi, akafa akiwa amechora kwa miaka isiyozidi minne. Wanafunzi wake na ndugu zake waliendelea, na mwaka 1990 wakaanzisha chama cha ushirika. Leo jina lake linatumika kwa aina nzima ya uchoraji, na picha za mtindo huo ziko kwenye vikombe, fulana na mifuko kila kona ya dunia. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwahi kupita Tunduru.

Kwa hiyo naona mambo mawili yanajirudia katika historia hii yote. La kwanza, ilhamu inaanzia kwenye kilichopo mkononi: ngozi, ubao wa dari, kufuli bovu, tairi. La pili, kila kilichobuniwa kina mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi hasikilizwi.

Hili la pili ndilo linaloniuma, na Hanang ina ushahidi wake.

Wabarbaig wana desturi ya kumjengea mzee anayeheshimiwa kaburi linaloitwa bung'eda. Si shimo na msalaba. Ni mnara wa udongo wenye umbo la pia iliyogeuzwa, unaoinuliwa hatua kwa hatua kwa miezi mingi, watu wakikusanyika, wakinywa pombe ya asali, wakiimba na kumkumbuka marehemu. Ukitaka kujua maana ya ubunifu wa jamii nzima, ni huo: usanifu, muziki, sherehe na historia kwa pamoja. Na eneo linabaki takatifu, watu hurudi kuzungumza na wazee wao.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, serikali ilianzisha mradi mkubwa wa ngano katika nyanda za Basotu, ukaja kusimamiwa na shirika la NAFCO. Mashamba saba yakachukua ekari zipatazo 100,000 za malisho bora ya Wabarbaig. Matrekta yakalima kila kitu, na makaburi ya bung'eda yakiwemo. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani ikautengua. Mwaka 1989 Wabarbaig wakaandika barua ya wazi kwa wananchi wa Canada, wakieleza habari za ardhi yao na makaburi yao.

Dereva wa trekta aliona kichuguu cha udongo. Hakuona mnara. Huo ndiyo msiba wa kutojua kusoma kazi ya mwenzako. Na sidhani kama yule dereva ni tofauti sana na mbunifu wa bango anayechukua pambo la Kidatoga akaliweka kwenye tangazo la soda bila kujua lilikuwa linasema nini.

Na mavazi je? Mwishoni mwa miaka ya 1960, Mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulikuwa na Mbulu na Hanang ndani yake, uliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache mavazi yao na wavae suruali. Vazi la jadi lilionekana ni aibu kwa taifa changa. Wanawake wa Kibarbaig nao wamesukumwa kwa miaka mingi, na serikali na pia dini, waivue hanang'weenda. Sasa nenda uwanja wowote wa ndege wa nchi hii utazame mabango. Nani amesimama pale kukukaribisha? Mmasai yule yule, na shuka lile lile! Tulimvua vazi kwa jina la maendeleo, tukamvisha tena kwa jina la biashara. Mara zote mbili hakuna aliyemuuliza.

Huko nje nako wameshajua. Mwaka 2012 Louis Vuitton ilitoa mavazi ya kiume yenye mraba mwekundu na wa bluu wa shuka la Kimasai. Kampuni ya Disney ilisajili maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara nchini Marekani mwaka 2003, na ni mwaka 2018 tu ndipo kelele zilipopigwa kweli kweli. Maneno ambayo bibi yako anayasema bure akikupa chai yana hati huko Marekani kwa ajili ya kuuza fulana!

Lakini tusinyoosheane vidole kwenda nje tu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ndani yake kuna sehemu inayolinda sanaa za jadi za jamii zetu. Ni wabunifu wangapi wa Dar wanaijua? Ni wazee wangapi wa Hanang wameambiwa kwamba ipo?

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kila kabila lijenge ukuta kuzunguka shanga zake. Tumeona kwamba shanga zenyewe zilitoka Venice. Shuka la mraba lenyewe lina historia ya viwanda vya kigeni. Utamaduni unaokopa ndiyo utamaduni ulio hai, na kijana wa Katesh ana haki ya kupata wazo kutoka Tokyo kama vile kijana wa Tokyo alivyo na haki ya kupata wazo kutoka Katesh. Tofauti kati ya kukopa na kuiba iko kwenye maswali matatu ambayo watoto wetu wanapaswa kufundishwa shuleni: Kitu hiki ni cha nani? Kinasema nini kwa wenyewe? Na kikiuzwa, nani anakula?

Angalia yanayotokea kwenye barabara kuu za nchi hii. Tangu kampuni za simu zilipoingia kwa kishindo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuta za maduka zimekuwa mabango. Ukuta ulipakwa rangi za Celtel, mwaka 2008 ukapakwa za Zain, mwaka 2010 ukapakwa za Airtel. Mwenye duka hajahama, anauza chumvi na mafuta ya taa yale yale, ila nyumba yake imeshabadilisha sura mara tatu kwa uamuzi wa watu waliokaa ofisini mbali. Hakuna rangi hata moja kati ya hizo iliyochaguliwa na mtu anayeuona ukuta huo kila asubuhi.

Na fundi wa kuandika vibao kwa mkono, yule aliyechora kichwa chenye panki kwenye kinyozi na ng'ombe aliyenona kwenye bucha, anakosa kazi kwa sababu ya mabango ya kuchapwa kwa mashine. Fundi yule alikuwa anajua mteja wake hajui kusoma vizuri, kwa hiyo picha ilibidi iseme yote. Alijua vumbi la Katesh linafifisha rangi nyepesi, kwa hiyo alitumia nzito. Huo ni utafiti wa soko, wadau! Haukuandikwa kwenye ripoti, uliandikwa ukutani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa rafiki zangu wa matangazo ni mwepesi. Fungeni kompyuta kwa siku tatu. Pandeni basi mpaka Katesh, ulizeni siku ya mnada, mwende. Msipige picha kwanza. Kaeni, nunueni nyama choma, ulizeni mama mwenye bangili za shaba kwa nini ziko tano na si sita. Mkijibiwa, andikeni jina lake kwa ruhusa yake, na siku tangazo likilipa mkumbukeni.

Na kwa vijana wa Hanang wenyewe, hasa wale wanaoona aibu bibi akija mjini na vazi lake: muulizeni kabla hajaondoka. Tope la mwaka 2023 lilitufundisha kwamba kitu kinaweza kuwepo asubuhi na jioni kisiwepo. Nyumba zinajengwa tena. Maana ya pambo ikizikwa na aliyeijua, hakuna greda la kuifukua.

Tafakari, kisha niambie: bango la kwanza unalokutana nalo ukitoka nyumbani kwako, ni nani aliyelibuni, na alimuuliza nani?